Miti Saba Ng'ambo ya Kijito

Kila Jumamosi, kabla jua halijakaa sawasawa juu ya mabati ya mtaa wa Tshopo, Madina alikuwa ameshafagia ua, ameshateka maji mara tatu, na ameshatwanga ndizi zilizochemshwa za chakula kiitwacho lituma mpaka mabega yakamuuma. Wasichana wenzake wa darasa la saba wakimaliza kazi kama hizo hukaa kusukana nywele na kupiga soga. Madina yeye alivaa buti za mpira, akachukua penseli na fomu yake iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda msituni kuhesabu miti.

Ndiyo, kuhesabu miti. Mtu mwenye akili zake atauliza: miti inakwenda wapi hata ihesabiwe? Lakini katika msitu wa Asambi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka daraja la mto Tshopo, miti ilikuwa inakwenda kweli. Ilikwenda mjini juu ya malori ikiwa mbao, na ilikwenda jikoni ikiwa makaa. Ndiyo maana msitu ule ulifanywa hifadhi, na ile miti mikubwa inayozaa mbegu ikapigiliwa vibati vyenye namba. Wanafunzi kumi wa shule yao waligawanywa wawili wawili, na kila wawili wakapewa njia yao ya kufuata. Njia ya Madina na mwenzake Sadrack ilikuwa na miti thelathini na miwili: ishirini upande huu wa kijito, kumi na miwili ng'ambo.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria moja tu, nayo walifundishwa na Papa Hilaire, mlinzi wa hifadhi: gusa kwanza, ndipo uandike. Ukiweka kiganja juu ya gome la mti, andika alama ya vema. Ukikuta kisiki, andika msalaba. Usipofika, andika kistari.

"Macho peke yake inadanganya," Papa Hilaire aliwaambia siku ya kwanza, mwezi wa Septemba. "Mukono haidanganyi. Na maji ya kijito ikipanda, musivuke, batoto yangu. Muandike kamustari, murudi nyumbani. Mumenisikia?"

"Tumesikia, papa."

Walisikia kweli. Ila kusikia ni rahisi mwezi wa Septemba, wakati kila kitu bado ni kipya.

Siafu walimwuma Madina, mvua ilimnyeshea, vyote alivivumilia. Kimya ndicho kilichomshinda. Kila Jumatatu yeye na Sadrack walimpa fomu yao Monsieur Josué, mwalimu wao. Monsieur Josué aliinakili upya kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu ile ya watoto ilikuwa na matope, kisha akatuma nakala safi kwa ofisi ya mjini inayofuatilia habari za hifadhi. Ile ya matope aliifungia kabatini. Halafu? Halafu hakuna. Hakuna barua, hakuna asante, hakuna hata mtu wa kuuliza swali moja. Mwezi wa Januari walikuta visiki viwili, namba tisa na namba kumi na nne. Wakaandika misalaba miwili mikubwa, wakakimbia njia nzima ya kurudi. Walidhani kesho yake ofisi yote ingehamia msituni. Hakuja hata paka wa ofisi.

"Monsieur, walisema nini?" Madina aliuliza wiki ile, na wiki iliyofuata, na ile nyingine.

"Nimetuma," Monsieur Josué alijibu. "Mimi kazi yangu ni kutuma."

Tena kulikuwa na jambo la maksi. Monsieur Josué alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kuona karatasi akaiacha bila kuitia maksi. Zile fomu alizisahihisha juu ya ishirini. Mwezi wa Novemba, kijito kilipofurika, Madina na Sadrack waliandika vistari kumi na viwili kama walivyofundishwa. Wakapata nane juu ya ishirini, na fomu yao ikainuliwa mbele ya darasa kwa vidole viwili, kama nguo chafu.

"Muangalie hii," Monsieur Josué alisema. "Kamustari, kamustari, kamustari! Kwa dictée, kwa imla, mutu akiacha nafasi bila kuandika, anapata nini?"

"Zéro, Monsieur!" darasa likapaza sauti.

"Voilà. Mustari ni jibu ya mutu muvivu."

Madina aliumwa na maneno yale mpaka Desemba. Tangu darasa la kwanza walikuwa wamefundishwa kwamba nafasi tupu ni sifuri, kwamba bora mtoto abahatishe kuliko kuacha karatasi nyeupe. Sasa nani alikuwa amewaambia kwamba fomu ya miti ni kitu kingine? Papa Hilaire, peke yake. Na Papa Hilaire hakuwa na kalamu nyekundu.

Basi Aprili ikafika na mvua zake. Jumamosi ya kwanza, kijito kilikuwa kimechukua gogo walilozoea kuvukia, na maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita kwa kelele. Madina alisimama ukingoni. Alikuwa ameshagusa miti kumi na minane na vile visiki viwili vya Januari, miguu ilikuwa imeloa, na tumbo lilikuwa linanguruma.

"Tuandike mustari?" Sadrack aliuliza.

"Tupate tena huit, nane tu? Batucheke tena?" Madina alimgeukia kwa ukali. "Juu ya nini, Sadrack? Nani anasoma hizi makaratasi? Nitajie jina ya mutu moja tu mwenye anasoma!"

Sadrack alifikiri, akakosa jina.

Jioni ile, mezani kwao, pembeni ya bakuli la pondu, mboga ya majani ya muhogo, Madina alichukua biki ya buluu. Alisitasita kidogo. Miti haina miguu, alijiambia, wiki iliyopita ilikuwa pale, na leo itakuwa pale. Akashusha alama za vema kumi na mbili, moja chini ya nyingine, haraka kama mtu anayepukuchua mahindi. Jumatatu walipata ishirini juu ya ishirini. Jumamosi ya pili maji yalikuwa bado juu, akafanya vilevile, na ya tatu, na ya nne. Uongo wa kwanza ulimchukua nusu saa. Wa nne aliuandika huku anatafuna.

Jumatano baada ya Jumamosi ile ya nne, pikipiki ilisimama mbele ya darasa lao. Mama mmoja alishuka na faili kubwa kwapani. Alikuwa Mama Naomie, mkuu wa ile ofisi ya mjini. Madina aliposikia jina la ofisi, alikaa wima. Miezi saba na zaidi, na leo wamekuja!

"Batatushukuru," alimnong'oneza Sadrack.

"Batoto, bonjour," alisema Mama Naomie. "Nimekuja kuwashukuru. Fiche zenu za kuhesabu miti zimetusaidia kukamata mwizi."

"Mwizi gani, mama?" aliuliza Monsieur Josué, uso wote ukicheka.

"Papa Hilaire."

Mama Naomie akafungua faili, akaeleza polepole, maana alikuwa mtu anayependa mambo yake yapangike.

"Mwanzo ya mwezi alituandikia: miti tatu ng'ambo ya kijito imekatwa na tronçonneuse, ile musumeno ya mashini, mutume patrouille ya walinzi. Bon. Tukafungua fiche zenu, tuone kama ni kweli. Fiche zinasema miti yote ya ng'ambo iko. Donc hatukutuma mutu. Wiki iliyopita anaandika tena: sasa ni saba. Jana nilienda mimi mwenyewe. Kweli, visiki saba! Lakini Jumamosi nyinyi muligusa ile miti yote. Alors imekatwa kati ya Jumamosi na jana, na mulinzi alikuwa yeye peke yake. Aliuza miti, na ile hadithi alitutangulizia mbele ili tusimushuku." Akafunga faili. "Tumemusimamisha kazi. Ijumaa asubuhi komiti inakaa hapa shuleni. Akishindwa kujieleza, atafukuzwa."

Monsieur Josué alipiga makofi, na darasa likapiga makofi. Mikono ya Madina ilibaki juu ya dawati, mizito.

Wakati wa mapumziko alimvuta Sadrack nyuma ya darasa.

"Tuseme," Madina alisema.

"Tuseme nini? Batatufukuza shule. Na examen iko karibu." Sadrack aliangalia huku na huku. "Tunyamaze tu. Papa Hilaire ni mukubwa, atajitetea."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile mzigo wa Papa Hilaire ulikuwa mwepesi sana mabegani mwa Sadrack. Madina alitaka kumpiga. Alitaka pia kumpigia kelele Monsieur Josué na kalamu yake nyekundu, na Mama Naomie na faili lake. Januari walipoandika ukweli, ofisi ililala fofofo. Imekuja kuamka siku ya uongo! Hasira ilimjaa. Lakini kila alipoitafutia mtu wa kumbebesha, ilizunguka na kurudi kwenye biki ya buluu.

Alhamisi, akitoka shuleni, alipita karibu na daraja, mahali Papa Hilaire alipokuwa anaishi na mke wake na watoto. Mzee alikuwa amekaa mbele ya mlango akirekebisha kiti cha mti. Hakuwa na sare yake ya kijani. Bila sare alionekana mwembamba, na Madina alijaribu kupita upande wa pili wa njia.

"Madina! Mutoto yangu, kuya hapa."

Akaenda. Afanyeje?

"Miaka kumi na moja nalinda ule musitu," Papa Hilaire alisema, bila kuinua sauti. "Mimi niliona vile visiki na macho yangu, nikagusa na huu mukono. Na nyinyi mumeandika mumegusa miti. Sasa usiku silali, nafikiri pengine ni mimi nimeanza kuzeeka kichwa. Unisaidie. Ile Jumamosi ya kwanza, maji ilinifika hapa." Akaweka mkono kifuani. "Nyinyi mulivuka namna gani?"

Ule ndio ulikuwa mlango wa kusema kweli, tena ulikuwa wazi kabisa. Madina akafungua kinywa, na kilichotoka kikamshangaza yeye mwenyewe.

"Kulikuwa gogo, papa."

"Gogo ilienda na maji."

"Gogo ingine."

Papa Hilaire alimwangalia. Kisha akainama, akaokota nyundo yake. "Bon," alisema. "Kama ni gogo ingine, ni gogo ingine."

Madina alikimbia mpaka nyumbani. Njia nzima alijitukana. Alifika akamfokea mdogo wake bila sababu, akaangusha kifuniko, akabamiza sufuria jikoni mpaka kelele ya cherehani kwenye baraza ikakatika. Baba yake, Papa Djuma, alikuwa fundi wa nguo, naye hakuacha mshono katikati kwa jambo dogo.

"Madina, tangu ufike unapigana na sufuria. Sufuria imekukosea nini?"

Akamwaga yote. Alisema kuhusu kijito, na biki, na Jumamosi nne, na gogo ambalo halikuwepo. Akaongeza yaliyobaki kwa machozi ya hasira: "Na Monsieur anakata maksi, anakata cote ya mutu akisema kweli! Na bureau ya mujini walilala myezi saba! Na Januari hakuna mutu alikuja! Na sasa ni mimi..."

Papa Djuma alimwacha amalize. Alitoa sindano iliyokuwa imebaki mdomoni, akaichoma kwenye kola ya shati lake.

"Monsieur iko na makosa," alisema. "Bureau iko na makosa. Nakubali, na hiyo tutaisema. Lakini zile alama kumi na mbili, ni mukono ya nani iliandika?"

"Yangu, papa."

"Basi kesho tunaenda. Mimi nitakaa nyuma. Sitaongea. Ni wewe utaongea."

"Na bakinifukuza shule?"

"Utanisaidia kushona vifungo mpaka tupate shule ingine." Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga, lakini mshono ule ulikwenda upande na ikabidi aufumue.

Ijumaa asubuhi darasa lao liligeuzwa kuwa baraza. Mama Naomie alikaa mezani na faili lake, pembeni yake wazee wawili wa vijiji vya jirani na msitu, kisha Monsieur Josué. Papa Hilaire alisimama peke yake karibu na ubao, kofia mkononi. Wanafunzi wa kikundi cha miti walikuwa wameitwa waje wawe mashahidi. Papa Djuma aliingia, akasalimu, akakaa nyuma kabisa kama alivyosema.

Madina hakungoja kuitwa. Alijua akingoja atasema tena habari za gogo.

"Mama, ile miti ng'ambo hatukugusa," alisema. "Jumamosi ine hatukuvuka. Niliandika nyumbani. Papa Hilaire hakudanganya. Ni mimi."

Watu walinong'ona. Mama Naomie alivua miwani yake, akamkazia macho.

"Mutoto, juzi fiche yako ilisema muligusa. Leo kinywa yako inasema hapana. Nitajua namna gani ni lini unasema kweli? Pengine huyu papa alikuja kulia kwenu, na wewe ukamuhurumia."

Madina hakuwahi kufikiria jambo hilo. Alidhani ukweli ukisemwa unaaminika hapohapo, kumbe mtu akishadanganya kwa maandishi, ukweli wake nao unataka shahidi.

"Ni kweli, mama," sauti nyembamba ikasikika kutoka nyuma. Alikuwa Sadrack, amesimama nusu, magoti yake bado yamekunjika. "Hata mimi nilikuwa. Hatukuvuka."

"Batoto mbili, marafiki," alisema Mama Naomie. "Hiyo bado haitoshi."

Hapo Madina akakumbuka. "Monsieur! Fiche zetu zenyewe, zile za matope! Ziko ndani ya kabati yako."

Monsieur Josué alijikuna shingo. "Zile ni brouillon tu. Nilishanakili vizuri, hakuna haja..."

"Uzilete, Monsieur," Papa Hilaire alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

Zikaletwa, zikatandazwa mezani. Mama Naomie aliinama juu yake, na wale wazee wawili wakainama naye. Kutoka mti wa kwanza mpaka wa ishirini, alama zilikuwa za penseli, hii imeinama, ile imefutika nusu kwa maji, na alama za vidole vyenye udongo zilikuwa kila mahali. Kutoka mti wa ishirini na moja mpaka wa mwisho zilikuwa za biki ya buluu, safi, zimenyooka kama zimepangwa na rula. Fomu nne, zote vilevile. Mtoto wa darasa la kwanza angeona.

"Monsieur," Mama Naomie aliuliza polepole, "wewe uliziona hizi na ukazinakili?"

"Niliona ni... safi," alijibu Monsieur Josué. "Niliwapa vingt juu ya vingt."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Masikio ya Monsieur Josué yalikuwa yanawaka, na kwa mara ya kwanza Madina alimwona kama mtu aliyeitwa mbele ya ubao bila kujua jibu.

"Na wewe, mama," alisema Papa Hilaire, "uniruhusu nikuulize. Siku ile ya Jumanne, ulivuka?"

Mama Naomie aliangalia viatu vyake. "Hapana," alisema. "Nilisimama huku. Nilikuwa na viatu ya bureau. Niliona visiki kutoka ukingoni."

"Ungevuka, ungegusa. Tatu zimeota uyoga. Kisiki ya siku tatu haioti uyoga, mama."

Madina alijua kwamba mtoto aliyekosa anapaswa kukaa chini na kunyamaza, lakini lile swali la Januari lilikuwa limekaa ndani yake muda mrefu mno.

"Mama, mimi nimekosa," alisema. "Lakini Januari tuliandika kweli. Namba tisa na namba kumi na ine. Tuliandika misalaba mubili, tulikimbia njia yote. Juu ya nini hakuna mutu alikuja?"

Monsieur Josué alimgeukia kumkemea, akamwona Papa Djuma kule nyuma akimwangalia, akaacha. Mama Naomie alifunga faili. Alionekana amechoka kuliko alivyoingia.

"Juu hatukusoma," alisema. "Nitasema kweli, maana mutoto ametangulia kusema. Fiche zilikuwa zinafika, tunaziweka ndani ya bahasha, tunaandika hesabu: tumepokea mia moja na makumi ine. Wakubwa wetu wanauliza ngapi, sisi tunajibu ngapi. Hakuna mutu aliuliza zinasema nini. Siku ya kwanza kuzifungua ni siku Papa Hilaire aliomba patrouille."

Alisimama, akazunguka meza, akampa Papa Hilaire mkono mbele ya wote, akamwomba radhi na kumrudishia kazi yake palepale. Kisha akatoa kalamu na kuandika mbele yao, mmoja wa wazee akisoma kwa sauti ili kila mtu asikie. Kuanzia mwezi ule, ofisi itabandika jibu lake kwenye ukuta wa shule kila mwisho wa mwezi: tulisoma nini, tulifanya nini, hatukufanya nini na kwa sababu gani. Shule itatuma fomu zilezile za msituni, na matope yake. Wala fomu haitatiwa maksi tena. Monsieur Josué alitia sahihi bila kubisha, akamwambia Madina kwa sauti ndogo, "Ile mustari ya Novemba, ilikuwa jibu ya sawa." Kwa Monsieur Josué, hilo lilikuwa neno kubwa.

Madina na Sadrack nao hawakuachwa hivihivi. Waliambiwa kwamba mpaka mwisho wa mwaka wa shule, kila Jumamosi wakimaliza njia yao, watabaki kumsaidia Papa Hilaire kupanda miche ng'ambo ya kijito. Sadrack alifungua kinywa kulalamika, Madina akamkanyaga mguu.

Siku ileile baada ya chakula, Papa Hilaire aliwachukua wote msituni, Mama Naomie pia, amevaa buti za kuazima. Maji yalikuwa yameshuka kidogo. Mzee alifunga kamba kutoka mti hadi mti, akawavusha mmoja mmoja. Ng'ambo jua liliwapiga usoni, mahali ambapo tangu zamani palikuwa na kivuli. Visiki saba vilikuwa vimezungukwa na vumbi la mbao lililoloa. Vitatu vilikuwa na uyoga mweupe pembeni, kama alivyosema. Vinne vilikuwa bado vinatoa utomvu.

Madina alivihesabu mara mbili. Sasa tu ndipo alipoelewa kwamba vile vinne vilikatwa wakati yeye anaandika uongo, akamgeukia mzee.

"Papa, unisamehe," alisema.

"Nimekusamehe," Papa Hilaire alijibu. Alikaa juu ya kisiki, akawaangalia watoto, kisha Mama Naomie, kisha tena watoto. "Lakini munisikilize, wakubwa na wadogo. Hizi tatu zilikatwa na mwizi, sisi hatukujua. Hizi ine zilikatwa nyuma yake, juu niliomba watu na watu hawakutumwa. Hawakutumwa juu karatasi ilisema: kuko macho pale, hakuna shida. Hakukuwa macho. Mutu mwenye anaandika 'sikufika' haoni haya, anatuita tumusaidie. Mutu mwenye anaandika 'nilifika', na hakufika, anafunga mulango na mwizi iko ndani. Na mutu mwenye anapokea karatasi hasomi, huyo anafundisha batoto kudanganya. Mumenisikia?"

"Tumesikia," walisema, na safari hii hata sauti ya Mama Naomie ilikuwa ndani yake.

Madina akatoa fomu mpya na penseli, akamnyooshea Papa Hilaire. Alitaka mzee aandike, maana yeye ndiye aliyeona kwanza. Papa Hilaire alitikisa kichwa, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Basi Madina akapiga magoti mbele ya kisiki cha kwanza. Akaweka kiganja chake juu ya mti uliokatwa, akaandika msalaba. Akaenda kwenye cha pili. Kwenye vile vinne vya mwisho utomvu ulimnata vidoleni, na penseli ikawa inakwama kwenye karatasi, lakini hakuna aliyemharakisha, na aliandika mpaka misalaba ikatimia saba.